Kahawa Yetu na Mabadiliko ya Hali ya Hewa: Hotuba ya Katibu Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



Katika miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, hakuna neno tulilolisikia ofisini mara nyingi kuliko hili: "Katibu, dunia imebadilika." Nasi hatulikatai. Katika barafu ya Kilimanjaro iliyokuwapo mwaka 1912, yapata sehemu 85 katika kila 100 zilikuwa zimekwisha toweka ilipofika mwaka 2007. Wataalamu nao wameonyesha kwamba joto la usiku lizidipo, arabika hupunguza mazao.

Lakini yatupasa kusema kweli, hata mbele ya wageni. Maji ya mifongo yetu hayatoki barafuni kwa wingi kama wengi wadhanivyo. Hutoka katika mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Msitu huo haukuunguzwa na jua peke yake. Wako warina asali walioacha moto nyuma yao, nao ni jamaa zetu. Na mfongo ulioziba kwa kuwa watu hawatokei siku ya msaragambo, huo nao tumlaumu nani?

Tena iko bei. Mgawo wa mauzo wa Mapatano ya Kimataifa ya Kahawa uliposimamishwa mwezi Julai 1989, bei ilianguka duniani kote, na hasara ikamshukia mkulima kihambani mwake. Mvua haikuhusika hapo.

Nasi wa ofisini tuna deni letu. Malipo ya pili yamechelewa zaidi ya msimu mmoja. Mama mmoja mjane, aliyeleta kahawa yake safi na kwa wakati, aliuza mbuzi wake wawili apate karo, huku fedha zake zikingoja saini zetu. Alipokuja kuuliza, tulimjibu habari za ukame. Tunaona haya kulikumbuka jibu hilo.

Mwaka huu tumeagiza miche chotara ya Lyamungo, istahimiliyo chulebuni na kutu ya majani. Hata hivyo, mche wa namna yo yote hauoti penye mfongo mkavu. Kwa hiyo Halmashauri imekata shauri kwamba tarehe ya malipo ya pili itabandikwa ubaoni katika kila chama cha msingi, na ugawaji wa miche utaanza kwa wale ambao mfongo wao umekwisha zibuliwa. Msaragambo ni Jumamosi, saa moja asubuhi. Sisi wa ofisini tutakuja na majembe yetu.