Matumizi ya Nyumbani Hayapunguzwi kwa Amri

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi, mbele ya wanachama na jamaa zao)



Katibu aliponiomba niseme habari ya madeni, nilimjibu ya kwamba mimi ni mtu wa gengi, kazi yangu ni mataruma na kokoto, na masomo yangu yaliishia shule ya msingi ya misheni. Akaniambia, "Hatutaki mtu wa benki. Twataka mtu aliyekwisha kuungua." Basi nimekuja kama mtu aliyeungua, nanyi mnisikilize hivyo.

Neno langu ni moja. Jamaa ya nyumbani haitakubali kupunguza matumizi kwa sababu baba ameamuru. Itakubali siku ile baba atakapoweka hesabu yote mezani, pamoja na deni lake mwenyewe, na kuanza kukata upande wake.

Najua wako watakaonung'unika wakisema, "Huyu ametumwa na mwajiri atuambie tubane mikanda badala ya kudai mshahara." La, sivyo. Wazee wetu waliogoma Mombasa mwezi wa Januari mwaka 1947, na watu wa reli wakiwa miongoni mwao, walijua sana kubana matumizi. Waligoma kwa sababu mshahara haukulingana na bei ya vitu. Neno hilo lingali kweli, na chama kitaendelea kulisema. Lakini fikirini jambo hili: katika mashauriano ya mshahara, anayeshinda ni yule anayeweza kungoja. Mwajiri aweza kungoja mwezi mmoja au miwili. Wewe mwenye mikopo mitatu katika simu na jina lako katika daftari la duka, waweza kungoja siku ngapi? Mwenye madeni huwa wa kwanza kusema turudi kazini. Kwa hiyo kumaliza deni la nyumbani ni kazi ya chama pia.

Sasa tazameni karatasi ya mshahara. Yangu huanza na shilingi 42,000. Kodi ya mapato, asilimia 6 ya NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF iliyoanza Oktoba mwaka 2024, na asilimia 1.5 ya nyumba, zote pamoja huchukua karibu shilingi 8,000. Chama cha akiba na mikopo huchukua 10,500, yaani akiba 3,000 na mkopo wa kiwanja 7,500. Hubaki kama 23,500. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humkataza mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili za mshahara, ili mfanya kazi asirudi nyumbani mikono mitupu. Hiyo ni sheria njema. Lakini haiuoni mkopo wa simu, kwa maana mkopo wa simu hauandikwi katika karatasi ile. Unakopa usiku ukiwa kitandani, hakuna anayejua, wala mke aliye kando yako.

Nami ndivyo nilivyofanya. Tunakaa Kitengela, mke wangu, watoto watatu na mimi. Kila mwezi tulipungukiwa na kama shilingi 2,000, nami nikaziba pengo kwa kukopa. Mkopo wa kwanza nilipoushindwa, nikachukua wa pili ili kuulipa, kisha wa tatu. Mke wangu hakujua hata mmoja.

Januari mwaka 2025, shule zilipofunguliwa, niliona maji yamefika shingoni. Jioni moja nikawaita wote, nikasimama kama mnyapara, nikatoa amri. Kuanzia kesho hakuna mkate asubuhi. Nyama mara moja kwa mwezi. Hakuna kununua bando la simu. Mke wangu akanitazama, asiseme kitu. Watoto wakaenda kulala.

Je, amri ile ilileta nini? Baada ya majuma mawili nilipita dukani nikakuta deni letu limezidi. Mkate ulikuwa ukichukuliwa bado, ila sasa ulichukuliwa kwa siri na kuandikwa. Nikarudi nyumbani na hasira. Mke wangu akaniacha niseme mpaka nikamaliza, kisha akaleta simu yangu iliyokuwa ikiwekwa moto. Ujumbe wa kudai ulikuwa umeingia. Akasema, "Baba watoto, sisi unatukata mkate, na wewe unakatwa na simu usiku. Hizi pesa zilikula nini?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Sehemu ilikwenda kwa chakula, kweli. Lakini sehemu ilikwenda kwa kubeti mpira, na sehemu nyingine kwa nyama choma na marafiki siku ya mshahara. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Usiku ule mke wangu alisema neno ambalo sijalisahau: "Kama mweka hazina wa chama chenu angewaficha vitabu, kisha akawaambia mwongeze mchango, mngemwitikia?" Nikamwambia tungemwondoa siku ile ile. Akasema, "Basi."

Hapo ndipo tulipoanza upya. Jumapili iliyofuata tuliketi mezani na daftari la kurasa 40. Binti yetu mkubwa ndiye aliyeandika, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri. Nilitaja mimi kwanza. Mikopo ya simu mitatu, jumla shilingi 14,600. Rafiki mmoja kazini, 5,000. Duka, 4,350. Jumla 23,950. Nikataja na kubeti, shilingi 1,200 kwa mwezi, na nyama choma 1,300. Kutaja mambo hayo mbele ya binti yangu kulikuwa kugumu kuliko kubadili taruma wakati wa jua kali. Lakini nilipomaliza, mke wangu naye akasema ana deni la kitambaa ambalo sikulijua, shilingi 900, naye angelilipa kwa faida ya mboga anazouza. Kijana wetu naye akakiri kwamba mkate wa dukani alikuwa akitumwa yeye. Tukacheka kidogo. Hofu ikapungua.

Kisha tukafanya hesabu ya mikopo, na hapa nawaomba msikilize vizuri. Mkopo wa M-Shwari ulipoanza Novemba mwaka 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa kiasi hicho, ukikopa shilingi 5,000, ada ya mwezi mmoja ni 375. Ukiurudia mwezi hata mwezi kwa mwaka mzima, ada peke yake ni 4,500, na zile 5,000 bado unadaiwa. Katika vyama vingi vya akiba na mikopo riba ni asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililosalia. Shilingi 5,000 hizo hizo, ukizilipa kidogo kidogo kwa miezi 12, riba yote ni shilingi 325. Yaani riba ya mwaka mzima huku haifiki ada ya mwezi mmoja kule. Tulipohesabu ya kwetu tukaona kwamba ada za mikopo ya simu zilikuwa kama shilingi 1,100 kwa mwezi. Pengo letu lilikuwa 2,000. Zaidi ya nusu ya pengo lile ililetwa na dawa yenyewe niliyokuwa nikiizibia.

Baada ya kuona hayo, hakuna aliyehitaji amri. Kila mmoja alitoa shauri. Mke wangu alileta habari ya maji. Ninyi wa Kitengela mwajua tunavyonunua maji kwa mitungi. Sisi tulitumia mitungi 6 ya lita 20 kwa siku, shilingi 20 kila mmoja ikiletwa mlangoni, yaani 3,600 kwa mwezi. Kisimani mtungi ni shilingi 10. Tukapatana kwamba mimi na kijana tutaazima mkokoteni wa jirani mara mbili kwa juma tujaze mapipa. Hapo tukapata 1,800. Mimi nikaacha kubeti na nyama choma, nikapata 2,500.

Tena kulikuwa na mambo ambayo jamaa ilikataa yasiguswe, nami nikakubali kama tunavyokubaliana na mwajiri katika mashauriano. Mke wangu alikataa kuacha mchango wa chama chake cha akina mama, na alikuwa na haki, maana zamu yake ndiyo iliyonunua sare za shule. Watoto waliomba chapati za Jumapili zibaki, na mkate urudi siku tatu kwa juma. Tuliandika yote, na kila mmoja akatia sahihi, hata mdogo aliyechora mstari tu.

Likabaki jambo moja zito, nalo ni mama yangu. Yeye anakaa Kajiado, upande wa reli ile itokayo Konza kwenda Magadi. Alikuwa akipiga simu kila juma, nami nikimtumia mara 500, mara 800, jumla kama 2,500 kwa mwezi, mara nyingine kwa pesa za kukopa. Nilimwambia mke wangu kwamba mama hawezi kuambiwa. Mtoto wa kiume mwenye kazi ya serikali, atamwambiaje mama yake kwamba hana? Mke wangu akasema, "Twende wote."

Tukapanda matatu Jumapili moja mpaka Kajiado. Nilizunguka maneno kwa muda, nikaeleza habari ya mvua na ya mbuzi, mpaka mama akaniuliza nimefuata nini. Nikamwambia deni lote. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwaka 2022, kiangazi kilipokuja, aliyeuza ng'ombe mapema walipokuwa bado na nyama alibaki na kitu cha kuanzia. Aliyeona haya kupunguza boma lake alibaki na ngozi. Wewe umesubiri mpaka ng'ombe wamelala chini. Mbona hukuniambia?" Ninyi nyote wa Kajiado mwakumbuka mwaka ule, na mizoga iliyokuwa kando ya barabara. Mama hakukasirika kwa sababu ya pesa. Alikasirika kwa kufichwa. Tukapatana nimtumie 1,500 kila tarehe ya mshahara, isizidi wala isipungue, naye akasema ni afadhali, kwa kuwa sasa aweza kupanga.

Sitawadanganya kwamba mambo yalikwenda sawa tangu hapo. Mwezi wa Aprili mtoto aliugua, tukachukua tena vitu dukani kwa deni, kama shilingi 2,000. Zamani ningekopa kwa simu nikanyamaza. Mara hii tuliandika katika daftari na kusogeza mbele siku ya kumaliza. Mikopo ya simu iliisha mwezi wa Juni. Duka likaisha Agosti. Mwisho wa Septemba mwaka 2025 lilibaki deni moja, la rafiki yangu wa kazini, shilingi 3,000, naye yuko hapa anacheka. Nimemlipa tangu hapo.

Basi, Bwana Mwenyekiti, naomba tawi lifikiri maneno matatu.

La kwanza, tuwaombe viongozi wa chama cha akiba na mikopo waje siku moja waeleze hesabu ya riba mbele ya waume na wake pamoja. Mwanamume akisikia peke yake, maneno hufia njiani.

La pili, mtu asiombe wadhamini wa mkopo kabla mwenziwe wa nyumbani hajajua. Anayemficha mkewe deni humficha na mdhamini wake pia, na siku akishindwa, akiba ya mdhamini ndiyo ishikwayo. Tumekwisha kuona gengi zima likinuniana kwa sababu hiyo. Na akina mama wenye mishahara yao, neno hili ni lenu vile vile.

La tatu, kila mmoja wetu mwenye deni la siri alitaje nyumbani kabla ya mshahara ujao. Asianze kwa kuwaambia watoto wapunguze mkate. Aanze kwa kusema, "Mimi nadaiwa kiasi hiki, na haya ndiyo nitakayoacha." Akisha kusema hayo, anyamaze awasikilize. Atashangaa jinsi watu wa nyumbani mwake walivyo na akili.

Sisi watu wa chama twataka mwajiri afungue vitabu, atushauri kabla ya kukata, na ashike alichotia sahihi. Hayo ni madai ya haki. Lakini mke na watoto nao wana madai yayo hayo juu yetu, na wamengoja muda mrefu bila kugoma.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo.