Punje za mahindi darasani

Juma hili nazungumzia mahindi. Siyo bei yake, hiyo tumeisema sana. Nazungumzia punje zilizoingia darasani.

Nilikuwa Mufindi, mkoani Iringa, nikaomba kukaa nyuma ya darasa la nne katika shule moja ya msingi. Mwalimu aliandika ubaoni: 12 mara 14. Mtoto mmoja akatoka mbele. Akazidisha 4 kwa 12, akapata 48. Akazidisha 1 kwa 12, akapata 12. Akajumlisha, akaandika 60.

Fimbo haikutoka. Mwalimu alimimina mahindi sakafuni, akawaambia watoto wapange mistari 14, kila mstari punje 12, kama miche kitaluni. Kisha akalaza kijiti chini ya mstari wa 10. Juu ya kijiti zikahesabiwa punje 120, chini yake 48. Jumla 168. Yule mtoto akaitazama ile 1 ya kwenye 14, akasema, "Kumbe hii ni kumi!"

Mimi hesabu hiyo niliisoma kwa kuimba tebo na kuogopa kiboko. Niliambiwa, "Mstari wa pili acha nafasi moja." Nikaacha. Kwa nini niache, sikuuliza wala sikuambiwa.

Wapo watakaosema huo ni mchezo. Basi tumtazame mtoto huyo akishakuwa mkulima. Tuseme anauza debe 14 kwa shilingi 12,000 kila debe. Haki yake ni 168,000. Kwa hesabu ile ya ubaoni atapokea 60,000 na kumshukuru mnunuzi. Shilingi 108,000 zimekwenda. Tunapiga kelele juu ya lumbesa, na ni haki yetu, lakini mizani haimwokoi asiyejua kuzidisha.

Hata hivyo, punje peke yake hazitoshi. Mwalimu yule alirudi ubaoni, akaandika 48, chini yake 120, kila moja akiionyesha pale sakafuni. Ndipo akakusanya mahindi yake. Hakuna atakayepanga punje za 346 mara 27. Hapo mtoto atachora kisanduku, akigawe mamia, makumi na mamoja. Mwisho atabaki na tarakimu tupu, lakini anazijua maana yake. Tebo nayo isitupwe, maana asiyejua 4 mara 2 atachelewa njiani.

Walimu tarajali wa Tukuyu na Mpuguso kule Mbeya, na wa Kleruu hapa Iringa, waondoke vyuoni wakiwa wamepanga punje hizo kwa mikono yao wenyewe. Nasi wazazi, kuanzia Rungwe hadi Kilolo, hatuwezi kusingizia ukosefu wa vifaa. Mtoto akiomba kikombe cha mahindi apeleke shuleni, tumpe. Haba na haba hujaza kibaba.