Nusu kidonge nayo ina hesabu yake

Mabasi ya mikoani hubeba abiria, na hubeba vifurushi vya dawa pia. Hebu tuchukue mfano wa kifurushi kimoja. Kinatoka Dar es Salaam, kinashushwa Dumila kwenye barabara kuu ya Dodoma, kinapandishwa gari jingine kwa kilomita 45 mpaka Rudewa, wilayani Kilosa, kwenye nchi ya mkonge. Ndani mna vidonge vya kabimazoli vya miligramu 5. Mtumaji ni kijana anayefanya kazi mjini. Mmezaji ni mama yake mzazi, tuseme ana miaka 58, na huu ni mwaka wa sita anatumia dawa hiyo.

Kijana huyo ni mtoto mwema, sina neno naye. Swali langu ni moja: nani anayeamua mama ameze kidonge kizima, nusu, au asimeze kabisa? Katika nyumba nyingi mwamuzi ni mgonjwa mwenyewe, kwa kusikiliza moyo wake. Ukidunda, anaongeza. Akijiona mzima, anaacha, na vidonge vinawekwa kabatini vikisubiri siku mbaya.

Ugonjwa wenyewe huitwa Graves, kwa jina la daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maadui, hukosea na kuichochea tezi ya shingo. Tezi hutengeneza homoni kupita kiasi. Moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, joto halivumiliki, mtu anakula vizuri na bado anakonda, na wengine macho hutokeza. Shingo ikivimba, jirani husema hilo ni rovu, ongezeni chumvi yenye madini joto. La hasha! Rovu hili halikuletwa na upungufu wa madini joto, na kuyazidisha kunaweza kuvuruga tezi zaidi.

Kabimazoli huitia breki tezi hiyo. Kwa kawaida daktari huanza na dozi kubwa, huipunguza hatua kwa hatua, na baada ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu hujaribu kumwachisha mgonjwa. Tatizo ni kwamba karibu nusu yao ugonjwa huwarudia. Ndiyo maana siku hizi wapo wanaoachwa kwenye dozi ndogo kwa miaka mingi, wala si uzembe wa daktari. Mwaka 2019 watafiti wa Tehran, akiwamo Fereidoun Azizi, walitoa matokeo yao. Katika wagonjwa waliotumia methimazoli kwa miaka 5 hadi 10 ndipo wakaacha, asilimia 15 tu walirudiwa na ugonjwa katika miaka 4 iliyofuata. Kwa walioachishwa mapema ilikuwa asilimia 53.

Kwa hiyo mama wa Rudewa kumeza dawa miaka sita si ajabu. La kushangaza ni kumeza miaka sita bila kupimwa damu.

Moyo peke yake ni shahidi asiyetosha. Hudunda kwa malaria, hudunda kwa upungufu wa damu, hudunda hata kwa mawazo ya ada ya shule. Anayekonda huenda ana kisukari au kifua kikuu. Na dozi ikizidi, dalili zake huja polepole kiasi kwamba nyumba nzima husema ni uzee tu: baridi, uchovu, unene, choo kigumu, usingizi wa mchana. Dozi ikipungua mno kwa mtu wa umri huo, moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo, damu ikaganda ndani yake, na kiharusi kikafuata.

Ushahidi uko kwenye kipimo cha TSH na cha T4. TSH ni amri inayotoka chini ya ubongo kwenda kwenye tezi ya shingo. Tezi ikilegea, amri hupanda; tezi ikizidisha kazi, amri hushuka hata karibu kutoweka. Kwa mtu aliyetulia kwenye dozi ndogo, TSH ikianza kupanda, daktari hupunguza: kutoka kidonge kimoja kila siku kwenda nusu, au kidonge kimoja siku moja na kupumzika siku ya pili. Ikishuka na T4 ikapanda, huongeza kidogo. Kidogo, nasema! Kisha husubiri, kwa sababu homoni ya T4 huchukua kama wiki nzima kupungua nusu katika damu. Jibu la kuaminika hupatikana baada ya wiki 4 hadi 6. Anayebadili dozi Jumatatu akataka matokeo Ijumaa anajisumbua bure. Mambo yakitulia, kipimo kila baada ya miezi mitatu hadi sita kinatosha.

Jingine kwa ndugu wanaoleta dawa kutoka nje: kabimazoli na methimazoli hazihesabiki kidonge kwa kidonge. Miligramu 10 za ile ya kwanza ni sawa na kama 6 au 7 za ile ya pili. Na akina dada wa mjini wenye ugonjwa huu, wanaomeza vidonge vya biotini vya kukuza nywele na kucha, wamwambie mpimaji kabla ya kutoa damu, maana biotini huweza kudanganya mashine ikasema tezi imezidi wakati haikuzidi.

Mambo mawili hayangoji wiki sita. Mwanamke anayetumia kabimazoli akihisi ana mimba, au akiwa anapanga kuipata, amwone daktari mara moja, kwani katika miezi ya mwanzo dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. La pili ni homa pamoja na koo kuuma. Mara chache sana dawa hii huangusha chembe nyeupe za damu, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, lakini hata baadaye. Kwetu kila homa huitwa malaria, mtu akanunua dawa mseto na kulala. Huyu asilale. Aache kabimazoli siku hiyo hiyo na aende kuhesabiwa chembe nyeupe.

Najua kipimo cha tezi si cha zahanati ya kijiji. Kutoka Rudewa mpaka Kilosa mjini ni kilomita 24, na pengine safari itafika hadi Morogoro. Lakini mtoto anayeweza kununua vidonge mwaka mzima anaweza pia kupanga nauli na gharama za maabara mara mbili kwa mwaka. Dozi ikishindwa kabisa kutulia, upo upasuaji, na ipo tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Mama asishtuke kwa jina hilo, haina maana kwamba ana saratani.

Katika kifurushi kijacho kijana aweke daftari dogo: tarehe, dozi, TSH, T4. Mama akienda kwa daktari alibebe pamoja na kopo la dawa.