Kijiko cha Mtoto na Jembe la Mama

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia)

Mmeniita nizungumze juu ya chakula cha mtoto katika mwaka wake wa kwanza. Nitazungumza. Lakini kwanza nina jambo la kukiri.

Mwaka wa 1996 nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu. Tulikuwa tunachimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na sheria yetu ilikuwa kwamba asiyefika Jumanne analipa faini ya shilingi 50. Mwenzetu mmoja alikuwa na mtoto wa miezi miwili. Alikosa mara mbili, na mimi nikamwandikia faini mara mbili kwa mkono huu. Mara ya tatu akafika na jembe lake. Mtoto aliachwa na dada yake wa miaka minane, pamoja na chupa ya maji ya sukari na uji mwepesi. Haikupita wiki mbili mtoto akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Alilazwa siku tano, na mbuzi wawili wakauzwa. Tunashukuru Mungu, alipona. Lakini mama yake aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Dada, maziwa nilikuwa nayo. Nilichokosa ni nafasi."

Jameni, neno hilo ndilo hotuba yangu ya leo.

Miezi sita ya kwanza

Mtoto awekwe kwenye titi ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Yale maziwa ya kwanza ya manjano, ambayo sisi wazee tulikuwa tunayakamua na kuyamwaga tukisema ni machafu, ndiyo kinga yake ya kwanza dhidi ya magonjwa. Msiyamwage hata tone.

Zamani tuliambiwa tuanze uji kwa miezi minne. Mwaka wa 2001 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza miezi sita kamili ya maziwa ya mama pekee. Hakuna maji, hakuna maji ya sukari, hakuna uji, hakuna maziwa ya ng'ombe. Ni dawa tu iliyotolewa kliniki. Nyanya watauliza, "Na kiu je, wakati wa jua kali?" Karibu sehemu tisa kati ya kumi za maziwa ya mama ni maji. Mtoto akiwa na kiu, anyonyeshwe. Akikojoa mara sita au zaidi kwa siku na kuongeza uzito, huyo ameshiba.

Mama anayeishi na virusi vya ukimwi naye anyonyeshe, mradi anameza dawa zake kila siku bila kukosa, na mtoto apewe dawa yake kama kliniki inavyoelekeza.

Mama akitoka, akamue maziwa kwenye kikombe safi chenye kifuniko, kiwekwe mahali penye ubaridi, na yatumike kabla ya masaa manne kupita. Mtoto anyweshwe kwa kikombe au kijiko. Chupa ni ngumu kuosha, na uchafu hujificha kwenye chuchu yake.

Baada ya miezi sita

Sasa maziwa peke yake hayatoshi, hasa kwa sababu ile akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto inakwisha. Anyonye bado, tena sana, lakini aongezewe chakula.

Kosa letu kubwa ni uji wa maji maji. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza maji, atalala ameshiba na hatakua. Uji uwe mzito. Ukiinamisha kijiko, usimwagike upesi. Anza na vijiko viwili au vitatu, mara mbili au tatu kwa siku. Akifika miezi tisa, mpe nusu kikombe kila mlo, mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati, kama ndizi mbivu au papai.

Tusiseme hatuna pesa. Ponda viazi au ndizi ya kupika, weka maharagwe au ndengu zilizoiva na kuondolewa maganda, mchicha au majani ya kunde, na mafuta kidogo. Yai liive vizuri. Omena wasafishwe, wakaushwe, wasagwe laini. Maini kidogo yakipatikana, mtoto apate kabla ya baba! (Naona kina baba wanacheka. Nasema kweli.)

Asipewe chai, kwa maana inazuia mwili kupata madini ya chuma. Asipewe asali kabla ya mwaka mmoja. Na mahindi au njugu zenye ukungu zisiende kwenye unga wake. Mnakumbuka mwaka wa 2004, Makueni na Kitui, sumu ya mahindi yaliyoota ukungu iliua watu zaidi ya 100.

Akiugua, msimnyime chakula wala titi. Akiharisha, aendelee kunyonya, apewe ORS na zinki kutoka zahanati, na apelekwe upesi akiwa mlegevu au macho yameingia ndani.

Kazi ya kikundi

Tumesonga mbele. Uchunguzi wa afya nchini Kenya wa 2008-09 ulionyesha watoto 32 kati ya 100 walio chini ya miezi sita wakinyonya tu bila kitu kingine. Mwaka wa 2014 walikuwa 61. Lakini mwaka wa 2022 walikuwa 60. Tumesimama pale pale! Na mwaka huo huo, watoto 18 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mimi naona mafundisho tumeyasikia. Kinachobaki ni ile nafasi.

Kikundi chetu kilibadilisha sheria. Mama aliyejifungua haendi kazi ya kuchimba kwa miezi sita, na halipi faini. Zamu yake ya kuteka maji na kukata kuni inachukuliwa na wenzake. Mtoto akifika miezi sita, kila mwanachama anampelekea mayai mawili. Mama huyo naye, mwenzake akijifungua, anarudisha. Hatukuomba msaada wa mtu yeyote kutoka nje.

Yule mtoto wa 1996 sasa ni mama. Mwaka alipojifungua, mimi ndiye nilipalilia mahindi yake. Faini zile mbili nilizozitoza nimeanza kuzilipa.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni sheria gani ya kikundi chetu inayomtenga mama na mtoto wake mchanga?
2. Ni nani anayemlisha mtoto wakati mama hayupo, na je, amefundishwa?
3. Kina baba watachukua kazi gani?