Hotuba juu ya Maradhi ya Kifua Kikuu na Uchunguzi Wake
(Iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Mimi si daktari. Kazi yangu, mpaka nilipostaafu, ilikuwa kukaa mbele ya hadubini na kutazama makohozi ya watu. Si kazi ambayo mtoto huitamani, lakini nilipoichagua nilikuwa na sababu, nami nitaieleza.

Katika mkutano wa mwaka jana tulikubaliana kutoa fedha katika mfuko wa wagonjwa, zinunuliwe sahani na vikombe vya pekee kwa jamaa zetu wenye kifua kikuu. Nia ilikuwa njema. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu nakujutia. Maradhi haya hayapiti katika sahani. Hupita katika hewa: mgonjwa akohoapo, vijidudu huelea chumbani, na aliye karibu huvivuta. Wazee waliojenga nyumba za Mji wa Kale waliacha ua wa ndani na madirisha ya kupitisha upepo wa bahari. Leo nyumba moja imekatwa vyumba vingi, dirisha limezibwa kwa kabati, na watu sita wamelala humo. Hapo sahani haina kosa.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1959 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Madras, Bara Hindi. Wagonjwa waligawanywa mafungu mawili: wengine walilazwa hospitali, wengine walitibiwa majumbani mwao, katika mitaa ya watu maskini. Jamaa za waliotibiwa nyumbani hawakuugua zaidi kuliko jamaa za waliolazwa. Mgonjwa ameye dawa sawasawa huacha kuambukiza upesi. Wa kuogopwa ni yule ambaye bado hajapimwa, au aliyeiacha dawa.

Sasa nitaeleza sababu yangu. Ami yangu alikuwa baharia wa majahazi katika Bandari ya Kale. Mwishoni mwa 1967 alionekana ana kifua kikuu. Akapigwa sindano za streptomisini na kupewa vidonge vya isoniazidi na thiasetazoni, akaambiwa dawa ni miezi 18. Nyumbani kikombe chake kilifungwa uzi mwekundu, nami, mtoto wa miaka 10, ndiye niliyepewa kazi ya kukichukua na kukiweka mbali na vingine. Kufikia mwezi wa tano kikohozi kilikuwa kimekwisha, mwili umerudi, na kusi imeanza kuvuma. Jahazi likaondoka, naye akaondoka nalo, na vidonge akaviacha chini ya mto. Hakuna aliyemkataza, kwa kuwa sote tulimwona amepona. Aliporejea na kaskazi alikuwa akitema damu. Tulimzika kabla ya mwaka kwisha, na binti yake wa miaka 6 akaonekana ameambukizwa. Binti huyo alimaliza dawa zake zote, na leo ana wajukuu. Kikombe chenye uzi hakikumkinga.

Niliposoma kazi ya maabara ndipo nilipofahamu jambo lililompata ami yangu, nami nilifurahi kuona kwamba lilifumbuliwa hapa kwetu. Zamani, kabla ya dawa, madaktari wa Ulaya walikuwa wakikata mbavu za mgonjwa ili pafu lilale na donda lipumzike. Upasuaji wa kutisha, nao uliacha watu wengi wamepinda. Streptomisini ilipatikana mwaka 1943, isoniazidi ikaanza kutumiwa 1952, na kisu kikapungua kazi. Lakini miezi 18 ni mirefu kwa mtu anayetafuta riziki. Kwa hiyo hospitali za Afrika ya Mashariki na Zambia zilishirikiana na Baraza la Uchunguzi wa Tiba la Uingereza kuuliza kama miezi 6 ingetosha. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972.

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Wagonjwa waligawanywa mafungu kwa bahati nasibu, kila fungu na dawa zake. Dawa zilipokwisha, karibu wote, katika kila fungu, makohozi yao yalikuwa safi. Mtu angalisema: wote wamepona, na mambo yamekwisha. Wachunguzi hawakuridhika, waliendelea kuwafuata na kuwapima. Katika fungu lililopewa streptomisini na isoniazidi peke yake kwa miezi 6, watu 29 katika kila 100 walirudiwa na maradhi. Katika fungu lililoongezewa rifampisini walirudiwa 3 tu katika 100, sawa na wale waliokunywa dawa za zamani kwa miezi 18. Wengi wa waliorudiwa, maradhi yaliwarudia katika miezi michache baada ya kuacha dawa. Yaani vijidudu vingi hufa mapema, na mtu hunenepa. Vichache vilivyolala hubaki, vikingoja. Basi muda ulifupishwa kwa sababu ya dawa iliyo bora, si kwa sababu mgonjwa amejiona mzima.

Matibabu ya siku hizi yametokana na kazi hiyo: kwa kawaida miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Thiasetazoni imeachwa, uchunguzi wa Nairobi uliochapishwa 1991 ulionyesha kwamba iliwaunguza ngozi vibaya wagonjwa wenye virusi vya Ukimwi.

Juu ya kupima, sina budi kusema neno la fundi. Katika hadubini kijidudu huonekana kama kijiti chekundu katika uwanja wa buluu, lakini yapasa viwe vingi sana katika makohozi ndipo jicho livikute. Nimepata kutazama kioo kimoja robo saa, nikaandika "hapana", na moyo usiridhike. Kuviotesha huchukua wiki nyingi, maana kijidudu hiki huzaana polepole mno. Chombo kipya, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipitisha mwaka 2010, hutoa jibu kwa muda wa saa 2 hivi, na husema pia kama rifampisini itamfaa mgonjwa. Ila chombo hakina la kufanya na mate. Mgonjwa avute pumzi, akohoe kutoka ndani ya kifua, na afanye hivyo nje penye upepo.

Na wagonjwa wako. Hesabu iliyofanywa katika Kenya nzima, ambayo kazi yake ilimalizika 2016, ilikuta watu wazima 558 wenye maradhi haya katika kila 100,000, wanaume wakiwazidi wanawake. Wengi waliokuwa na dalili hawakuwa wamekwenda kutafuta tiba popote. Nawaomba wazee wa mitaa mnisamehe nikisema kwamba wengine tunawajua, na tunawaficha kwa ajili ya posa za mabinti.

Hoja yangu, Bwana Mwenyekiti, ni kwamba fedha za sahani zilizobaki zigeuzwe kuwa nauli. Dawa zenyewe hutolewa bure katika hospitali za serikali. Kinachowashinda watu ni matatu na siku ya kibarua inayopotea. Pia kila mtaa utoe mtu mmoja, aliye mwaminifu na asiye na maneno mengi, awe akimpitia mgonjwa mpaka mwezi wa sita, hata akimkuta amenenepa na anacheka. Mtaa wangu nitaushika mimi mwenyewe. Hesabu ya nauli nimeiandika, nayo iko mezani kwa Bwana Mweka Hazina.