Jeraha Lisilovuja Damu: Hotuba kwa Wahudumu wa Afya ya Jamii



Maafa yanapotokea, tunakimbilia kuokoa watu, kufunga majeraha na kugawa chakula. Ni vyema. Lakini kuna jeraha lisilovuja damu.

Ubalozi wa Marekani jijini Nairobi uliposhambuliwa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998, zaidi ya watu 200 walifariki. Katika miezi mitatu iliyofuata, Wakenya wapatao 2,900 walijaza hojaji ya watafiti. Thuluthi moja hivi walikuwa na dalili za kiwewe. Mwenye kiwewe huota ndoto za kutisha, hushtuka ovyo na hukwepa chochote kinachomkumbusha mkasa. Dalili hizo zilionekana zaidi kwa waliofiwa, waliokuwa bado wanauguza majeraha, waliokwama kifedha, na wale ambao hawakuwa wamemweleza rafiki yaliyo moyoni.

Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Mwathiriwa akitaka kuzungumza, msikilize. Asipotaka, usimlazimishe kusimulia, wala usimwambie ajikaze. Muulize analala wapi, amekula nini na jamaa zake wako wapi, kisha umsaidie kuwapata.

Dalili zikizidi mwezi mmoja, mwelekeze kwenye kituo cha afya. Akitaja kujiua, usingoje: mpeleke siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake.

Mifupa iliyovunjika tunaifunga bila aibu. Na moyo uliojeruhiwa tuutibu vivyo hivyo.