MJI MDOGO UNA NINI?
(Mazungumzo ya Kamati ya Elimu mbele ya mkutano wa wanaushirika)



Vijana wetu wanaondoka. Tukiwauliza sababu wanasema, "Hapa pana nini?" Tusiwagombeze. Swali ni la haki, nasi tumeona tulijibu kwa kutazama mbali kidogo.

Kusini mwa Marekani, katika jimbo la Georgia, kuna mji mdogo uitwao Plains. Watu wake hawafiki 1,000. Una safu moja ya maduka, reli, na mashamba ya karanga pande zote. Huko alizaliwa Jimmy Carter mwaka 1924. Utotoni aliuza karanga za kuchemsha mitaani, kama watoto wetu wanavyouza stendi. Alipokua akawa askari wa majini. Baba yake alipofariki mwaka 1953, akarudi kushika shamba na ghala la karanga. Mkewe Rosalynn, mzaliwa wa hapo hapo, hakutaka kabisa kurudi. Mnaona? Hata huko walibishana.

Mwaka 1976 Carter alichaguliwa kuwa Rais, na mwaka 1977 alimpokea Mwalimu Nyerere kule Washington. Alipotoka Ikulu mwaka 1981 angeweza kuishi popote. Akarudi Plains, nyumba ile ile waliyoijenga mwaka 1961, biashara yake ikiwa na deni kubwa. Jumapili alifundisha Biblia kanisani. Mkewe alifia hapo mwaka 2023, yeye akafuata tarehe 29 Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Wamezikwa hapo nyumbani.

Mwalimu naye alipostaafu urais mwaka 1985, alirudi Butiama.

Walifuata nini, jamani? Si taa wala lami. Katika mji mdogo ukiugua, jirani anabisha hodi kabla jua halijapanda. Ukipanda mwembe, unauona ukizaa. Ukifanya kazi, watu wanaijua kuwa ni yako.

Lakini tusidanganyane. Kujuana kuna makali yake. Mwaka 1965 kanisa la Carter hapo Plains lilipiga kura kuwazuia watu weusi wasiingie ibadani. Familia yake ilipinga, ikashindwa. Na karibu na hapo lipo shamba la Koinonia, lililoanzishwa mwaka 1942, ambako weupe na weusi walilima na kula meza moja. Katika miaka ya 1950 wenye maduka waligoma kufanya nao biashara, na usiku wakapigwa risasi. Majirani hao hao waliojuana kwa majina! Wenye shamba hawakuhama. Waliuza mazao yao kwa njia ya posta, na shamba lipo hadi leo.

Basi uzuri wa mahali padogo haushuki kama mvua. Hulimwa. Sasa tujiulize wenyewe: mjane akiomba shamba, tunampa au tunamzungusha? Kijana akiuliza hesabu za ushirika, tunamjibu au tunamwambia, "Kaa chini, wewe mtoto"? Anayeambiwa akae chini kila siku, mwisho husimama akaenda zake.

Kamati inapendekeza hivi: mkutano ujao hesabu zisomwe kwa sauti, na vijana waanze wao kuuliza. Sisi wazee tutasikiliza kwanza.